Hakuanguka Kisimani

Tabora, 8 Machi 1976

Mwanangu Salu,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na kaka yangu na mama yako, na wadogo zako ambao nasikia sasa wanainama kupita mlangoni. Mimi sijambo, ila goti linalalamika nikisimama wodini muda mrefu. Mwambie baba yako kwamba blanketi nililompelekea si la kumlazia ndama. Dereva wa lori la Mzee Sadick, anayetubebea barua, amenieleza alilikuta wapi.

Nilifurahi kusikia umepewa zahanati ya Mwabulimba uiongoze mwenyewe. Nilipokuwa binti, mtu wa kwetu akivunjika mguu alibebwa siku nzima kwa machela. Leo anabebwa mpaka kwako, kijana niliyemfunga nepi. Nikiwaza hilo huwa nakaa kitako.

Sasa nina jambo. Mwezi uliopita tuliletewa mwanamke ambaye tulikuwa tunamfahamu. Tulishawahi kumshona juu ya jicho, na safari nyingine tulimshona mdomo. Kila alipokuja alisema ameanguka, na mumewe alisimama pembeni akisaidia kueleza, mtu mpole, ameshika kofia mkononi. Nasi tuliandika: ameanguka. Safari hii aliletwa amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Salu, wanafunzi wangu wanajua kushona jeraha likapona bila kovu. Lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha kuuliza limetoka wapi. Nilimwendea mkuu wa chuo chetu cha uuguzi nikamwambia nataka kufundisha somo hilo. Akanijibu kwa upole, “Sista, hayo ni ya wazee na mahakama. Sisi tunatibu.” Lakini ni mtu mwenye masikio. Alisema nikimletea habari kutoka zahanati za vijijini, kwamba jambo hili liko huko pia, atanisikiliza.

Basi niambie wewe. Wanawake wanaokuja kwako wameumia, wanasema nini?

Ni mimi sengi yako, shangazi mwenye maswali,
Wilhelmina


Mwabulimba, 2 Mei 1976

Sengi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa dukani kwa Mzee Sadick pale Bariadi wiki nyingi, kwa kuwa mvua zilikata barabara na lori lake lilizama kwenye tope karibu na Lagangabilili. Mkewe, Mama Mwanamisi, aliitunza ndani ya debe la biskuti ili isilowe.

Nyumbani hawajambo. Pamba imeota vizuri. Baba bado hajazoea kuishi kijijini, nyumba zimepangana kama meno. Mara kwa mara anatembea hadi kwenye itongo letu, mahame ya boma tulikohamishwa kuletwa kijijini, anakaa juu ya jiwe la kusagia lililobaki, kisha anarudi bila kusema alichokifuata. Mama anakuletea michembe ya viazi, nimempa dereva.

Kuhusu swali lako. Sengi, wanawake wa hapa wanaanguka. Mmoja aliteleza kisimani, mwingine alipigwa teke na ng'ombe, mwingine aliangukiwa na mchi. Nimewatibu wote na wamepona. Najua unachotaka kusema. Nami nina macho, najua kwato ya ng'ombe inaacha alama gani. Lakini siwezi kuuliza. Mimi ni mtoto wa hapahapa, na wanaume wao hukaa kwenye benchi langu wakingoja. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Machibya, ndiye aliyesimamia ujenzi wa zahanati hii, na bila yeye ningekuwa natibu watu juani. Nikigusa ndoa moja nitakuwa nimegusa zote.

Kuna jambo jingine. Nilimsomea baba barua yako. Nilipofika pale kwenye yule mwanamke wa Tabora, aliinuka katikati ya sentensi akaenda zizini, na hakurudi mpaka chakula kikapoa. Nilimuuliza mama kuna nini. Akanijibu, “Kamuulize sengi yako alifikaje Tabora.”

Basi nauliza. Ulifikaje?

Mwanao,
Salu Mihayo


Tabora, 20 Juni 1976

Mwanangu Salu,

Mwadila. Michembe imefika na nimewagawia wanafunzi kidogo sana, kwa sababu mimi ni mchoyo wa vitu vya nyumbani. Mshukuru mama yako.

Umeuliza nilifikaje Tabora. Nilikuja kwa treni.

Tuendelee. Unasema huwezi kuuliza. Hata wanafunzi wangu walisema hivyo. Mkuu hajaniruhusu bado, kwa hiyo somo hili nalifundisha ndani ya kipindi cha usafi, na wewe nitakufundisha kwa barua.

Hakikisha kwanza kwamba mko wawili tu. Mume anayekaa kwenye benchi mtafutie kazi ya heshima, maana akihisi amefukuzwa, mkewe ndiye atakayeadhibiwa kwa hilo. Kisha kaa chini. Mwanamke aliyepigwa ameshasimamiwa na watu wengi. Usimuulize nani amekupiga, wala usimuulize kisa. Kumuuliza kisa ni kumpiga kofi jingine. Mwite mama, umwambie hivi: “Mayu, jeraha kama hili nimewahi kuliona kwa wanawake waliopigwa. Kama ndivyo kwako, kosa si lako, na utakalosema halitatoka humu bila ruhusa yako.” Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi hushindwa, wanaogopa ukimya, wanaujaza maneno.

Akisema ameanguka, mtibu, mwambie mlango uko wazi. Akisema amepigwa, usimwamuru aondoke kwake, maana hujui ni nini kinachomfunga kule. Muulize kama akirudi leo atakuwa salama. Andika ulichokiona na maneno aliyoyasema yeye, si yako. Na mtu akikwambia ni haki ya mume, mwambie Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza. Hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Watu wengi hawaijui, hata waliosoma.

Juzi niliwapanga wanafunzi wawili wawili, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi. Vijana wa kiume walicheka sana. Mmoja wao alipoambiwa yale maneno na mwenzake, alicheka, kisha katikati ya kicheko akaomba kutoka nje. Aliporudi alisema amemkumbuka mama yake. Salu, nimefundisha miaka mingi, sijawahi kuona darasa kama lile. Nilijikuta nimevua miwani kama mtu avuavyo kofia kanisani.

Jaribu kwa mmoja tu.

Sengi yako,
Wilhelmina


Mwabulimba, 15 Agosti 1976

Sengi,

Shikamoo. Wote hawajambo, ng'ombe hawajambo, pamba imeanza kununuliwa. Nitaandika habari za nyumbani siku nyingine, maana leo mkono wangu unakimbilia kwingine. Mhusika ameniruhusu nikwambie wewe.

Mwenyekiti Machibya alimleta mkewe, Nyanjige. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. “Ameanguka kisimani,” akasema Mwenyekiti, akaketi ndani kabisa, si kwenye benchi. Nilijua kwamba kama nisipojaribu siku hiyo, basi sitajaribu tena.

“Mwenyekiti,” nikamwambia, “bwana afya anakuja kukagua vyoo vya zahanati. Ningeomba uvitazame wewe kwanza. Neno lako lina uzito kuliko langu.”

Alichukua fimbo yake akatoka. Anapenda kukagua.

Nilikaa chini. Nilisema maneno yako, neno kwa neno. Kisha nikanyamaza. Yeye alitazama ile picha ya kampeni ya Mtu ni Afya niliyoibandika ukutani. Nikafikiri nimeharibu.

“Daktari,” akasema, “umeushika mkono wangu wote?”

“Nimeushika.”

“Shika tena, huku juu.”

Nilishika. Chini ya ngozi mfupa ulikuwa na uvimbe mgumu, kama mti uliokatwa tawi ukafunika jeraha lake.

“Huo niliufunga mwenyewe kwa vijiti na kamba ya katani,” akasema. “Wakati ule hapakuwa na zahanati. Walipoanza kuijenga hii nilisomba maji ya kufyatulia matofali, nikasema sasa atakuwapo mtu wa kuuliza. Nimekuja hapa kwa homa. Nimekuja na watoto. Nimengoja.”

“Ulikuwa unangoja nikuulize?”

“Ningeanzaje mimi? Mwenyekiti ni wa kijiji kizima.” Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. “Sasa umejua. Utafanya nini?”

“Sijui bado, mayu. Najua tu kwamba sitaandika umeanguka.”

Alifikiri. “Basi andika. Na uandike jina la kwetu, Nyanjige ng'wana Sayi, binti wa Sayi. Usiandike mke wa Mwenyekiti.”

Nikaandika huku nje tukimsikia Mwenyekiti akigonga milango ya vyoo kwa fimbo. Nilimuuliza kama akirudi atakuwa salama. Alisema mume hampigi akiwa bado ana bandeji, watu wanaona. Nilifunga mkono wake kwa banzi, nikazungusha bandeji nyingi kuliko zilizohitajika.

Sengi, nimekulia hapa. Nilidhani namfahamu kila mtu, nani ana ng'ombe wangapi, nani hasemi na nani. Kumbe kulikuwa na kijiji kingine ndani ya kijiji hiki, na watu wake wamekuwa wakipita mbele yangu na ndoo za maji wakinisalimia.

Tangu siku hiyo wanakuja. Hawasemi wamesikia wapi. Mtu analalamikia kichwa, anautazama mlango, kisha anakaa akingoja swali. Huwa najisikia kama nimekabidhiwa kitu kizito kwa mikono miwili, na sina pa kukiweka.

Baba ameuliza kama umejibu lile la Tabora. Nimemwambia ulikuja kwa treni. Alicheka, ila si kicheko cha furaha.

Mwanao,
Salu


Tabora, 3 Septemba 1976

Mwanangu,

Mwangaluka. Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Niliwasomea wanafunzi pale kwenye maneno ya yule mama, bila jina wala kijiji. Aliposema “nimengoja”, binti mmoja aliweka kalamu chini na hakuishika tena siku hiyo.

Sasa nisikilize, kwa sababu furaha yako inanitisha. Mtu aliyezoea kutii anapoanza kusema, huo ndio wakati wa hatari kuliko yote. Ulichoandika usikiache kwenye kabati linalofunguliwa na kila mtu. Usimtazame mumewe kwa jicho jipya, atakusoma. Na usibaki bila pa kuwaweka. Nimemwandikia Mwanamisi, mke wa Mzee Sadick. Ni mtu wa kuja kutoka Ujiji, hana undugu na ukoo wowote wa huko, na sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Amejibu kwamba chumba cha nyuma ya duka kina kitanda na komeo. Mwambie yule mama, halafu mwachie uamuzi. Siku atakayochagua ni yake.

La Tabora liache. Mwambie baba yako naye aliache.

Wilhelmina


Tabora, 4 Novemba 1976

Salu,

Sijapata barua yako wala salamu. Niliuliza stesheni kama kuna mzigo, hakuna. Nimemwandikia Mzee Sadick, naye hajajibu. Wanafunzi wananiuliza habari za mama wa mkono, na mimi nawaambia mambo ya vijijini huchelewa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Sengi


Mwabulimba, 12 Desemba 1976

Sengi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Nilikuandikia, lakini barua ilifungiwa ndani ya zahanati pamoja na dawa, na mimi nje. Wote tuko hai na wazima. Nimetanguliza hilo usije ukasoma mengine kwa hofu.

Mwezi wa kumi, siku chache baada ya kufunguliwa bandeji, Nyanjige alipanda lori la Mzee Sadick asubuhi mbele za watu, na mtoto wake mdogo mgongoni, akaenda kwa Mama Mwanamisi. Hakujificha. Aliwaamkia wote waliokuwa kisimani kama mtu anayekwenda mnadani. Machibya alipopata habari hakwenda Bariadi kumfuata, alikuja kwangu. Aliweka kufuli kwenye mlango wa zahanati, akasema imefungwa mpaka kijiji kiamue kama kinataka mganga au mvunja ndoa. Watu wenye homa walikuja wakaitazama ile kufuli, wakarudi. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Baada ya wiki kadhaa akaitisha mkutano ndani ya ghala la pamba. Walikuja karibu watu wote, wamekaa juu ya magunia hadi kuta zikajaa. Mimi nilisimamishwa kando ya mizani.

Machibya ni msemaji mzuri, unajua. Alianza na siasa ya kijiji, akafika kwenye umoja, akasema nyumba ndiyo kijiji cha kwanza, na anayeingia nyumba za watu kwa maswali ni adui wa ujamaa. Halafu akageukia upande wa wanawake. “Mwanamke yeyote aliyevunjiwa heshima na kijana huyu, akaulizwa mambo ya ndani kwake, asimame tumwone.”

Alikuwa na hakika hatasimama mtu, na kwamba kimya hicho kingekuwa ushahidi kwamba nililaghai mmoja tu. Nami nilifikiri hivyohivyo. Nilitazama sakafu.

Nikasikia gunia likilia. Kuna bibi mmoja mjane, mfinyanzi wa vyungu, kila nyumba ina chungu chake. Alikuwa anainuka, na alipomaliza kuinuka akasema, “Mimi ameniuliza. Nina wajukuu wanaooa. Miaka yangu yote hakuna aliyeniuliza, mpaka aliyenifanyia akafa, nikamlilia. Mwenyekiti unasema nimevunjiwa heshima. Mimi naona nimerudishiwa.”

Hakukaa. Alibaki amesimama. Kisha akasimama mwingine. Kisha wengine. Sengi, sikuhesabu, siwezi kukwambia idadi, niliona tu magunia yakibaki matupu upande ule. Wake wa rafiki zangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mke wa mjumbe wetu wa nyumba kumi, na mjumbe mwenyewe ameketi karibu yake akimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu, pamba imewashika kwenye nguo. Nimewahi kuona radi ikipiga mti karibu yangu. Ilikuwa namna hiyo, ila bila sauti.

Ndipo akasimama mtu upande wa wanaume. Alikuwa baba.

Hapa naandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa ameniambia, “Mwandikie sengi yako, mimi sina mkono wa kuandika.”

Alisema: “Nina dada. Aliolewa kwa ng'ombe wazuri. Alirudi nyumbani uso umevimba, baba yetu akamrudisha, akasema ng'ombe wameshaingia zizini. Akarudi tena, akarudishwa tena. Mara ya mwisho hakuja yeye, ilikuja habari tu kwamba amelazwa hospitali ya wamisionari, na kwamba mtu wa pale alimuuliza swali naye akalijibu. Mimi nilikuwa na ng'ombe wangu wa kuolea. Niliwaswaga mpaka kwa yule bwana, nikawaacha mlangoni pake, nikamwambia, tazama kama wametimia, na usimtaje tena dada yangu. Baba yetu hakusema nami mpaka anakufa. Dada yangu leo anafundisha wauguzi Tabora. Mwenyekiti, ukimfukuza mwanangu kwa sababu ya swali hilo, nifukuze na mimi. Mimi nililijibu kwa ng'ombe.”

Katibu wa kijiji, ambaye ni kijana mwoga kama nilivyokuwa mimi, alisimama akamwomba Machibya ufunguo. Machibya aliwatazama wale wanawake kwa muda. Kisha akauweka juu ya sahani ya mizani ya pamba akatoka, na watu wakampisha.

Nilifungua zahanati siku ileile. Wagonjwa wa homa walikuwa wengi, nikatibu mpaka jioni bila kuwaza chochote.

Sikujua habari zako, Sengi. Sikujua za baba. Sasa namtazama akila ugali na naona aibu kumpita mbele.

Mwanao,
Salu


Tabora, 9 Januari 1977

Salu, mwanangu,

Mwangaluka nyote. Hii uisome mbele ya baba yako, polepole, na asiende zizini.

Ni kweli. Nililetwa pale hospitali nikiwa na mbavu zilizovunjika, nikasema nimeangukiwa na mlango. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga vidonda alimaliza kunifunga, akakaa kwenye kiti, akasema, “Binti, mlango huo una jina?” Hakusema zaidi. Nililia kwanza, kisha nikamtajia jina. Masista wakanipa kazi ya kufua mashuka, baadaye wakanifundisha, nikabatizwa, nikapanda treni. Sikukudanganya kuhusu treni.

Lakini yako mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Miaka yote hii niliamini ni baba yetu aliyewarudisha ng'ombe wale. Nilisema moyoni, mwishowe mzee alinihurumia. Kila Novemba nimemwombea marehemu kwa ajili hiyo, nikamsamehe mengine yote kwa sababu ya ng'ombe. Nawe Mihayo, kaka yangu, ulinyamaza. Ulioa mvi zimeshaanza, nasi tulikutania kwamba wasichana wanakukimbia, ukacheka pamoja nasi. Sikujua kwamba nilichokuwa nacheka ni bei ya uhuru wangu mwenyewe.

Nimekaa na barua hii siku nyingi kabla ya kujibu. Nilikwenda stoo ya mashuka nikafunga mlango. Sina neno la kukushukuru katika lugha yoyote niliyojifunza, kwa hiyo nakushukuru kwa ya nyumbani. Wabeja, kaka.

Salu, nilimsomea mkuu wa chuo habari za mkutano, nikiruka majina. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli walisimama bila kuitwa kwa majina. Nikamwambia kweli. Akafungua ratiba ya masomo, akalitengea somo letu saa yake yenyewe.

Wilhelmina


Bariadi, 27 Novemba 1977

Sengi yangu,

Shikamoo. Tumehuzunika kwamba hukuweza kuja kutufundisha kwenye semina. Daktari Januarius wa ofisi ya afya ya wilaya alikungoja mpaka siku ya mwisho, ndipo simu ikaja kwamba kwa ajili ya kipindupindu wasafiri wa njia yako wamezuiwa. Sisi pia tulitaka kuahirisha, lakini waganga na wauguzi wa zahanati walishafika, wengine kwa baiskeli kutoka mbali. Daktari Januarius akaniambia, “Basi semina ni yako.” Nikamwambia siwezi. Akasema, “Nasikia hilo ndilo neno lako la kwanza siku zote.” Sijui nani alimwambia.

Nakupa kwanza za nyumbani. Baba ameagiza kitabu cha kisomo, anasema anataka kukuandikia kwa mkono wake. Ameshafika kwenye herufi za ng', na anasema ni ngumu lakini ni za lazima. Nyanjige alipeleka shauri baraza la ndoa, kisha mahakamani, nami niliitwa kusoma nilichoandika siku ile. Hakimu alimpa talaka yake. Watoto wakubwa wako kwa baba yao na humtembelea, wadogo anao yeye. Ameanza kushona nguo kwenye baraza ya duka la Mzee Sadick kwa mashine ya Mama Mwanamisi. Machibya si mwenyekiti tena. Analima, na hunisalimia.

Semina ilifanyika katika darasa la shule. Niliwafundisha kama ulivyonifundisha, benchi la mume, kukaa chini, maneno, kunyamaza. Walibisha. Mganga mmoja kutoka Nassa, wilaya jirani ya ziwani, alisema watu wake ni wavuvi na wakulima, hawapendi kuchunguzwa. Mwingine alisema tutaongeza kazi na dawa zenyewe hazitoshi. Sikubishana nao. Nilimwomba Nyanjige aingie.

Alikuwa ameniambia mwenyewe anataka kuja. Alisimama mbele yao akisema Kisukuma, maana alisema mambo haya hayajui kwa Kiswahili, nami nikatafsiri kwa wale wachache wa kuja. Alikunja mkono wa gauni lake, akawaita mmoja mmoja waje washike mkono wake, chini na juu. Na walikuja, Sengi. Watu wazima waliosoma walipanga mstari na kuushika ule mfupa. Alikuwa akiwaambia, “Huu wa chini uliulizwa. Huu wa juu haukuulizwa. Mnasikia tofauti?” Yule wa Nassa aliushika kwa muda mrefu kuliko wote. Alipouachia alisema, “Wabeja, mayu,” akarudi kukaa, na hakubisha tena.

Nilisimama pembeni nikitafsiri. Nilikuwa nikifikiri kwamba nilikwenda shule, nikasoma mifupa yote kwa majina yake, na bado sikuwa nimewahi kuona mtu akiufanya mkono wake kuwa darasa.

Tulipomaliza, watu walitoka kwenda kula. Nilibaki nikifuta ubao. Nilipogeuka niliona muuguzi mmoja bado ameketi nyuma. Ni mtu mwenye cheo kuliko mimi, sare yake imepigwa pasi kama karatasi, na siku nzima ndiye aliyejibu maswali vizuri kuliko wote. Jina lake sitaliandika.

Nilidhani anangoja kunisahihisha. Nikavuta kiti cha watoto, vile vifupi, nikakaa karibu naye. Nilianza, “Dada, jeraha kama hili nimewahi—” nikanyamaza, maana hakuwa na jeraha lolote ninaloliona.

Alitabasamu kidogo. “Endelea,” akasema. “Ila ngoja kwanza.”

Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akaufunga, akarudi kukaa.

Nikaendelea.

Mwanao anayekuheshimu,
Salu